Sebahire Aliyeshindwa Kunyamaza

Sebahire wa Bihambwe, kijiji cha milima ya Masisi, mchungaji na muuza maziwa, alikuwa mtu asiyetulia. Hata kanisani alisikiliza misa amesimama karibu na mlango, akigeuka kila ng'ombe alipolia.

Mwaka 1967 ghala la maharage la jirani yake Théoneste liliungua. Wiki moja kabla, wawili hao walikuwa wamegombana juu ya ng'ombe walioingia shambani. Asubuhi baada ya moto Sebahire alimpelekea jirani mtungi wa pombe ya ndizi, kama wanavyofanya watu wa milima ile kwa yeyote aliyepatwa na msiba. Polisi, mgeni kutoka mbali, aliandika kwamba mshukiwa alileta pombe kuomba msamaha.

Hilaire, mwalimu aliyekubaliwa kumtetea, alimwelekeza la kufanya njia nzima mpaka mahakamani, mjini Masisi.

"Papa, usiseme kitu. Hakuna mutu alikuona. Wao njo wanapaswa kuleta ushahidi, si wewe."

"Nikinyamaza watasema nimekubali. Kwetu mutu wa kunyamaza iko na makosa."

"Kule si kwetu. Kule ni tribinali."

"Na kisha tribinali nitarudi wapi? Si kwetu?"

Jela aliiogopa, lakini zaidi aliogopa kurudi nyumbani na jina la mchoma ghala. Yeye na Théoneste walichota maji kwenye chemchemi moja.

Hakimu alimsomea shtaka, akamwambia ana haki ya kutojibu, na kwamba kunyamaza kwake hakutahesabiwa kuwa kukiri. Sebahire akaitikia kwa kichwa. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mwendesha mashtaka alifika kwenye habari ya pombe.

"Mtu asiye na hatia anaomba msamaha wa nini?"

Watu walicheka. Mmoja nyuma akasema, "Umuone! Ananyamaza!"

Sebahire akainuka. Hilaire alimvuta koti mpaka mshono ukaachia.

"Théoneste! Wakati mama yako alikufa, nani alileta pombe ya kwanza? Si mimi? Basi nilikuwa nimemuua?"

Hakimu akagonga meza, kisha akamgeukia Théoneste. "Ni desturi yenu?"

Théoneste alitazama miguu yake. "Iko desturi, Bwana Juji. Lakini moto haikujiwasha."

Hukumu ilikuwa fupi. Ushahidi haukutosha, na penye shaka mshtakiwa huachiliwa.

"Shaka?" alisema Sebahire. "Bwana Juji, uandike kwamba sikuchoma."

"Mahakama haiandiki hivyo. Nenda nyumbani, mzee."

Barabarani Théoneste alikuwa mbele. Sebahire akaharakisha, na Théoneste naye akaharakisha.

"Unaniogopa?"

"Sikuogopi. Pita mbele basi."

"Nikipita mbele, utasema nimekimbia."

"Mutembee pamoja, ninyi wazee!" Hilaire alipiga kelele huku akihema. "Njia iko kubwa!"

Sebahire alibaki hatua kumi nyuma, akisema kwa sauti ili mwenzake asikie: siku ya moto alikuwa wapi, alikamua ng'ombe gani, nani alipita akamsalimia. Alipomaliza, alianza upya. Mpaka Bihambwe Théoneste hakugeuka, wala hakumwambia anyamaze.