Majina Mia Tatu ya Elkanah

Mtu akitaka kunikasirisha, aniulize habari ya kesi ya Elkanah.

Elkanah ni mlinzi wa jengo la ofisi hapa Olaya, Riyadh. Mimi, Griffins, ni dereva wa familia moja mtaa wa Al-Naseem. Huyo jamaa ni mpole hadi anakera. Miaka sita amesimama mlangoni akifungulia watu, kumbe huko nyumbani Kenya binamu yake ameandikisha shamba lao kwa jina lake mwenyewe. Shamba ambalo mama mzazi wa Elkanah analima na kulala! Kortini Elkanah alishinda. Kwenye rufaa akabwagwa. Ikabaki Mahakama ya Juu peke yake.

Wakili wake, Robinson, akatupigia. "Huko hatuombi ushindi kwanza. Tunaomba ruhusa ya kusikizwa. Hawachukui kila kesi. Lazima ionekane inagusa umma, si nyinyi tu."

"Umma?" Elkanah akasema. "Hao nitawapata."

Na kweli akawatafuta, kama mtu anayeitisha harambee. Kila Ijumaa alizunguka Al-Sulimaniyah kwa wapishi na wauzaji wetu, karatasi ya sahihi mkononi. Akina dada wa majumbani walituma sahihi kwa simu, madam akigeuka tu. Bosi wangu alipokwenda harusi Jeddah, nilibeba karatasi na kukusanya arobaini na moja kwa madereva waliokuwa wakingoja nje ya ukumbi. Wengi waliandika kando ya jina: "Hata shamba langu lilichukuliwa nikiwa huku." Jamani, kama huo si umma, umma ni nini?

Robinson alipoona picha za majina mia tatu na kumi na mawili, alishusha pumzi. "Ndugu zangu, majaji hawahesabu vichwa. Wanataka swali la sheria ambalo jibu lake litawafaa na wengine. Hii siwezi kuipeleka." Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Angetueleza mapema angekufa?

Wakili akaandika ombi kivyake, bila majina yetu. Jibu likaja, ukurasa mmoja na nusu: huu ni mzozo wa familia moja, ombi limekataliwa. Halas, imeisha.

Tulikuwa garini Elkanah akilisoma. "Hawajasema nimekosea," akasema.

"Wala hawajasema uko sawa! Hawakuisikiza kabisa, Elkanah. Uamuzi wa rufaa umebaki palepale. Mama atatolewa!" Nilipiga usukani hadi honi ikalia.

Simu yake ikaita. Alikuwa mama. Elkanah akaiweka kwa spika.

"Korti kubwa wamesemaje, mwanangu?"

"Hawajasema nimekosea, mama."

"Bwana asifiwe! Mvua imeanza huku, na mbegu ninazo. Nipande?"

Nikamtikisia kichwa. Mwambie, nikanong'ona. Mwambie ukweli, wewe mtu!

"Panda, mama," akasema.