Siku Tano Zisizoandikwa

Uchumi nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kilichokosa jalada na kurasa kumi na mbili za mwanzo. Nilikinunua Nyeri mjini kwa mzee mmoja wa Majengo aliyeuza vyombo vilivyotumika, naye aliniuliza mara mbili kama nina hakika sitaki sufuria. Mpaka leo nikikaa na watu waliosoma chuoni huwa naogopa kwamba jambo lenyewe, lile linalofanya uchumi uwe uchumi, lilikuwa katika zile kurasa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Tulikuwa tumepata ekari chache upande wa Endarasha, katika shamba lililokuwa la mzungu, na ofisi ya mipango ya wilaya ilitaka kujua sisi tuliohamia huko tunaishi vipi. Walitafuta vijana wenye mwandiko mzuri. Mimi nilikuwa msichana wa kuandika barua moja mara nne kwa sababu ya herufi iliyolala vibaya. Ofisa aliniahidi kwamba fomu zangu zikiwa safi, atanipendekeza kwa mafunzo Nairobi. Alitupa masharti mengi, nami nikalishika moja kuliko yote: msiandike kitu chochote pembeni.

Swali la tisa liliuliza mtu amefanya kazi siku ngapi katika siku sita zilizopita, ama katika shamba lake, ama kwa mtu anayemlipa. Nilianza na wanawake wa karibu na kwetu.

"Shamba lako ulilima lini?"

"Jumanne."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine sikuwa kwangu."

"Ulikuwa kibarua mahali?"

"Ati kibarua! Nani wa kunilipa huku? Ama wewe uko na pesa?"

Nikaandika moja. Jirani yake akasema Jumatatu, mwingine Ijumaa. Mama yangu, aliyekuwa akimenya viazi, hakuinua hata macho. "Alhamisi. Andika basi, maji yanachemka." Moja, na moja, na moja.

Sasa lazima niseme nilichojua. Kila mtoto wa kwetu anaijua ngwatio. Wanawake sita hupatana. Leo wote wanapalilia kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka wiki ikiisha kila shamba limepitiwa na majembe sita. Halipwi mtu. Siku hulipwa kwa siku. Kila asubuhi mama alitoka na jembe begani akaniacha mezani na kitabu changu, maana alikataa kabisa nishike jembe. Kwa hiyo nilijua zile siku tano walikuwa wapi. Niliutazama ukingo mweupe wa fomu, ambapo mstari mmoja ungetosha, nikaona jinsi ungeuchafua. Nikajiambia kwamba kama ngwatio ingekuwa kazi, kitabu kingeitaja.

Na kuna jambo la aibu zaidi. Zile tarakimu zilinifurahisha. Nilikuwa nimesoma kwamba takwimu za watu halisi huyumbayumba, na hizi zangu zilisimama wima kama askari. Nilidhani nimegundua kitu.

"Hakuna hata alama ya kifutio," ofisa alisema alipozipitia, na kwa wiki tatu niliishi kwa sentensi hiyo.

Kisha chifu akaita baraza. Alisema wilaya imepata ripoti kwamba wanawake wa upande wetu hufanya kazi siku moja tu kwa wiki, na taifa changa halijengwi na watu waliokaa. Kuanzia mwezi ujao, kila Jumanne na Alhamisi, wanawake wote watachimba mitaro ya barabara ya kwenda sokoni Chaka. Asiyefika atatozwa faini.

"Ripoti ya nani hiyo?" mtu akauliza.

"Ya msichana wenu mwenyewe. Yule karani."

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote katika ngwatio ya mama, alisimama akajifunga shuka upya bila haraka. "Mimi nilichimba matuta ya mkoloni na mtoto mgongoni, askari nyuma yangu," alisema. "Lakini yule mzungu alituhesabu mwenyewe. Hakututumia binti yetu."

Watu walicheka. Mama hakucheka.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya serikali. Ile yetu ilikuwa mpya na yenye haraka, na siamini ilitutakia mabaya. Ilikuwa imerithi makabati ya waliotangulia, pamoja na maswali yaliyokuwa ndani yake, na mtu wa Nairobi anayetaka kuona shamba la Endarasha hana dirisha jingine ila karatasi. Lakini karatasi ile niliiandika mimi, na kila ninaposema "mfumo" najua ninajificha.

Hesabu ilikuwa rahisi. Ondoa siku mbili katika sita, na wanawake wawili wanakosa zamu. Asiye na zamu hana sababu ya kwenda kwa mwenzake, na ngwatio inavunjika. Kisha kila mmoja apalilie viazi na pareto peke yake, mvua zikinyesha na magugu hayangoji. Siku ya mama ilikuwa Alhamisi.

"Kwa nini hukuandika kwamba tulikuwa kwa wenzetu?" aliniuliza tulipofika nyumbani.

"Fomu haikuwa na nafasi."

"Ati nafasi," alisema, akaenda kukamua ng'ombe.

Siku zilizofuata nilipopita penye wanawake, maneno yalikatika. Hawakunitukana. Waliniitikia salamu kwa adabu, kama mgeni wa ofisini, wakangoja nipite.

Nilipanda gari la maziwa nikaenda Nyeri. Ofisa alikuwa kijana, mtu wa Murang'a, mwenye tai fupi.

"Nilikosea," nikamwambia.

"Wapi? Kujumlisha?"

"Kujumlisha ni sawa."

"Basi kosa liko wapi, dada? Hizi ndizo fomu safi kuliko zote."

"Mama yako kule Murang'a, hupalilia peke yake?"

Aliinuka akaenda kufunga mlango. Aliporudi alinieleza taratibu kwamba ripoti haiwezi kusahihishwa swali moja tu, kwa sababu imekwisha kupelekwa. Inaweza tu kuondolewa yote, kama karani aliyeikusanya ataandika kwamba haiaminiki.

"Ukiandika hivyo hawatakuchukua Nairobi. Wala mimi siwezi kukupa fomu nyingine."

"Na mitaro?"

"Itasimama mpaka wahesabu upya. Na kuhesabu upya, unavyotujua..." Alinyoosha mikono.

Niliandika. Nilikosea neno "haiaminiki", nikalikata kwa mstari, nikaendelea. Sikuomba karatasi nyingine.

Jumanne ya kwanza ya mwezi ilifika bila chifu kutuma mtu, na ya pili vilevile. "Serikali imesahau," mama alisema, akionekana kufurahi. Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini angeniuliza nilikosea vipi, nami ningelazimika kumwambia kwamba sikukosea, kwamba nilijua wakati kalamu ikiwa mkononi. Nikasema, "Labda."

Alhamisi hiyo wanawake walikuja kwetu. Nilichukua jembe la akiba nikajitokeza nalo. Bibi yule alinitazama mikono.

"Na siku hii tutakurudishia wapi, karani? Uko na shamba?"

"Sina."

"Basi tutakuwa na deni lako bure. Kaa."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo mambo yalivyo. Asiye na shamba hana zamu, na asiye na zamu hahesabiwi. Nililirudisha jembe ukutani, nikapika uji, nikaupeleka ukingoni mwa shamba walipomaliza mistari ya kwanza. Waliketi wakanywa, wakazungumza habari za ng'ombe wa mtu, wakataniana juu ya nani analima kama anapapasa gizani. Mmoja aliniambia uji una chumvi. Kisha wakainuka wote pamoja, mama katikati yao, wakarudi kwenye mistari. Nilikusanya vikombe sita na kimoja changu, ambacho sikuwa nimekitumia.