Gitaa Tuliloliteremsha kwa Ajili ya Mama

Nakumbuka asubuhi moja kule Pinga, mwanangu, na hata sasa nikiisimulia miguu inanicheza. Dada yangu Furaha alikuwa anaolewa! Mimi, msichana mdogo wa nyumba ile, ndiye niliyepiga gitaa la kwaya, na maringo niliyokuwa nayo usiniulize.

Kwetu, mama mzazi ndiye aliyeanzisha wimbo wa kumtoa binti nyumbani. Kwaya yote ilingoja kinywa chake. Mama aliisubiri siku hiyo tangu Furaha akiwa mgongoni, lakini kikohozi cha msimu wa mvua kilikuwa kimemwachia sauti nzito, ya chini. Asubuhi ile tulijaribu wimbo uani. Nilikuwa nimekaza nyuzi kwa kufuata filimbi ndogo ya kupimia sauti niliyopewa shuleni. Niliiamini kama ninyi mnavyoamini telefone zenu leo mkikaza nyuzi. Taa ya kijani ikiwaka, basi, mmemaliza. Mama alifika mstari wa pili, sauti ikakatika. Akarudia, ikakatika palepale.

"Sauti iko inakatala," akasema, akijipangusa macho kwa kitenge. "Muache shangazi yenu aanzishe."

Akaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya jiko. Furaha akaanza kulia ndani ya gauni lake jeupe, nami nikadhani kosa ni la nyuzi kulegea.

Nikakaza nyuzi tena, kwa hasira kuliko kwa akili, na ule uzi mwembamba kuliko yote ukakatika, paa! Nyuzi mpya zilipatikana Goma tu, mbali, na wageni walikuwa tayari wanapanda kilima. Tukakimbilia pikipiki mbovu ya jirani, tukatoa waya wa breki, tukaufumua, tukachomoa uzi mmoja. Nikaufunga chini kwenye gitaa, nikauzungusha kwenye ufunguo wa kichwani, nikauvuta kwa vidole ili ulegee mapema, kisha nikakaza. Ukaanza kupiga kelele mbaya. Kidogo tu ungekatika nao.

Papa Lukoo, mkubwa wa kwaya yetu, akaushika mkono wangu.

"Mutoto, unakaza mpaka wapi? Teremusha zile zingine, zikutane na huu."

"Lakini filimbi inasema juu zaidi, Papa."

"Filimbi njo inaolewa leo?"

Eti filimbi ndiyo bibi harusi! Ua mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka na haya zangu. Nikateremsha nyuzi zilizobaki, mmoja mmoja, hadi zikapatana na ule wa breki. Nikapiga. Gitaa likatoa sauti nene, ya upole, ambayo sikuwahi kuisikia.

Na kabla sijapiga mara ya pili, kutoka nyuma ya jiko, Mama akaanzisha wimbo! Akaupita mstari wa pili kama si kitu. Akatokea mikono juu, anaimba, anacheza, Furaha akamkimbilia, vigelegele vikaenda mpaka ng'ambo ya bonde. Mwanangu, nilipiga gitaa huku nalia na kucheka! Uzi wa breki ulinichana kidole na sikuhisi kitu. Tulimtoa Furaha nyumbani vile Mama alivyotaka, na gauni likajaa matope ya kilima.

Basi nakuambia wewe unayekaza nyuzi leo. Ukikuta kati yenu kuna mmoja asiyeweza kufika juu, usimvute mpaka akatike, wala usimwache kwenye benchi mkaimba bila yeye. Wenye uwezo wa kushuka washuke. Wimbo ni uleule, na pengine huko chini ni mtamu zaidi. Kabla hujaitazama telefone, uliza kwanza nani anaanzisha, na sauti yake inaishia wapi.

Mungu akupe vidole vyepesi, na masikio ya kuwasikia walio nyuma ya jiko. Na siku sauti yako nayo itakaposhuka, akupe mtoto wa kukuteremshia nyuzi.