Niliyavua Nguo Mafuta ya Mrehani

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Darasani sikukaa sana, lakini duka hili la Msambweni nimelijenga kwa mikono yangu, na kichwa kikanivimba. Haya, nichekeni, kisha mnisikilize.

Mke wangu, Mama Saumu, huchemsha mrehani chunguni, akakinga mvuke mpaka apate mafuta. Hayauzi hivi hivi. Huyapiga kwa gundi ya mgunga iliyoroweshwa mpaka yawe meupe kama tui, akayadondosha punje punje, akazikausha kivulini. Inuse punje, hainuki kitu! Harufu imefungwa ndani. Siku za harusi, somo, yule kungwi wa biharusi, huiyeyusha kwa maji ya vuguvugu, akachanganya na liwa, ule unga wa msandali, akamsinga biharusi mwili mzima. Nyumba nzima hunukia.

Mimi nikaona kazi yote hiyo ni mbwembwe za kike. Tumepata Uhuru, watu wanataka vitu vya kisasa bwana! Mama Saumu alipokwenda Kinango kwa dadake, nikachukua mafuta matupu, nikayatia katika vichupa vya kioo, nikavipanga dirishani. Vilivyong'ara! Wakata miwa wa Ramisi wakipita wanasimama kutazama. Nilijiona mtu!

Jua likavipiga kila siku. Kunusa sikunusa. Kusifiwa kulikuwa kumenikolea.

Akaja Bi Mize, somo, kutaka punje za kumsinga binti wa jirani.

"Punje za nini?" nikamwambia. "Chukua chupa, ndiyo ya kisasa."

Akachukua, kwa kuwa kazi ya Mama Saumu anaiamini.

Ole wangu! Kesho yake alirudi mbio, buibui limemporomoka mabegani.

"Salamu sikupi! Haya mafuta ya biharusi au ya kupakia milango? Mtoto anajikuna kama kalalia upupu, na nikaha ni kesho!"

Nikafungua chupa nyingine. Lo! Mrehani hamna, inanuka kama rangi mbichi.

Mama Saumu ndiyo kwanza anaingia kutoka safari. Alimsikiliza Bi Mize. Alikwenda moja kwa moja kwa biharusi, akamwosha kwa maji baridi, akampaka tui mpaka ngozi ikatulia. Nikaha ikafungwa, alhamdulillahi.

Aliporudi, duka limejaa wateja.

"Baba Saumu, jua linakula mafuta. Gundi ile ndiyo nguo yake. Wewe umeyavua, ukayasimamisha dirishani watu wayatazame!"

Walicheka mpaka wakashika ukuta. Aibu gani ile!

Sasa wanawake hunipita dukani, "Hujambo, Baba Saumu," hao uani kwake. Hata nikiwa na punje zile zile mkononi, kwangu hawanunui. Hawaniamini!

Wenzangu, nawaambieni: mafuta ya harufu hayataki jua wala hewa. Yafungeni! Na mwanamke anayeijua kazi yake akikwambia neno, shika. Mimi siku hizi napiga gundi uani. Mama Saumu akipita, akachungulia, akasema, "Bado, ongeza nguvu," naongeza.