Mti Mvivu

Juzi nilishuka kwenye tramu kituo kimoja kabla ya kwangu, huku Auderghem, kwa sababu jua lilikuwa limechomoza, na mtu wa Brussels hadharau jua la Desemba. Nyuma ya uzio wa nyumba moja niliona mtufaha uliokuwa bado na majani yake yote, mabichi kabisa, kana kwamba hakuna aliyeuambia kuwa mwaka unakwisha. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshavua glavu, mkono umepita katikati ya vyuma, vidole vimeshika jani tayari kulichuma. Mama mwenye nyumba alinitazama dirishani. Nikaurudisha mkono, nikampungia, nikaenda zangu. Ningemweleza nini, rafiki yangu? Kwamba mkono ule haukuwa wangu, ulikuwa wa bibi yangu?

Tulimwita koko, kama watoto wengi wa Kikongo wanavyowaita bibi zao. Vita vilimtoa kwenye milima ya Lubero, kule Kivu, vikamleta Brussels, mtaa wa Anderlecht, katika ghorofa letu refu la kodi nafuu, kwenye chumba kimoja na mimi. Watu wakisikia Kongo hudhani ni joto tupu. Koko alitoka kwenye ukungu, kwenye viazi na kabichi, mahali ambapo hakuna anayelala bila blanketi. Na kwao kulikuwa na matofaa. Neno hilo, tufaha, nilikuja kulikuta vitabuni nikiwa mkubwa. Yeye alisema pome. Alikuwa na shamba la pome alilolipanda na mume wake, na alipolitaja alishusha sauti, kama mtu anayetaja watoto aliowaacha kwa jirani.

Baada ya kusubiri sana alipata kipande cha bustani nyuma ya maghala, karibu na reli. Kila Jumamosi tulikwenda. Yeye alibeba jembe fupi na thamosi ya chai ya tangawizi, mimi nilibeba bakuli la maharage lililofungwa kwa kitenge, la moto hadi linanichoma tumbo. Nilichota maji ya mvua kwenye pipa na kuyamwaga pale aliponionyesha kwa kidevu. Treni zilipita na kutetemesha vioo vya vibanda. Alipanda lengalenga, mchicha wa kwao, na majirani, kwa wema wao wote, walidhani ni magugu, wakawa wanamsaidia kung'oa. Aliwafukuza kwa Kiswahili, nao wakamshukuru kwa Kifaransa.

Mti wa kwanza aliuchagua kwa picha. Dukani miti ilikuwa imepangwa, kila mmoja na kadi yenye tunda lake, naye akanyoosha kidole kwenye tunda jekundu kuliko yote. Mwaka huo ulizaa matofaa machache, tukayala yote siku moja. Kisha, Septemba, koko akasema, "Sasa tuilaze."

Kwao, unajua, hakuna majira ya baridi ya kuangusha majani. Mtufaha hukaa macho mwaka mzima, unanenepa, unapendeza, wala hauzai. Kwa hiyo baada ya mavuno mtu huuchuma majani yote kwa mkono, moja moja, mpaka ubaki uchi. Mti hudhani umelala. Ukiamka, huamka na maua. Tulisimama siku ile mimi na yeye tukichuma, na kila jani lilitoa mlio mdogo likikatika. Aliimba wimbo wa kanisani kwa kuguna, bila maneno. Ilikuwa kazi tamu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Vuli ile ilikuwa na joto. Mwezi uliofuata mti ukachanua. Koko alipiga vigelegele hadi watu wa bustani wakatoka vibandani. "Munaona?" alisema. "Hata huku iko nanisikia!" Jirani yetu, mzee Mflemi, yaani Mbelgiji wa Kiholanzi, mwenye koti la kijani, alikuja akasimama mbele yake, akaweka mikono yote miwili kichwani. Barafu ya kwanza iliyababua maua, iliyofuata ikapasua gome, na Machi ilipofika ulikuwa kijiti cha kuchochea moto.

Koko hakulia. Alingoja chakula cha jioni, akasema huku anakanda fufu kwa vidole, "Pahali muti yangu inakataa kuishi, miye nitaishi aje? Nitarudia kwetu."

"Maman, utarudia wapi?" mama yangu akamwuliza. "Kule bunduki haijanyamaza."

"Haijanyamaza, lakini inanijua."

"Bunduki inakujua?"

"Bon, inanijua. Hii baridi yenu njo hainijui."

Mama aliomba, akabembeleza, akamsihi apande mti mmoja zaidi. Koko akakubali kwa masharti. "Ya mwisho. Ikikufa nayo, munikatie tikiti." Mimi niliacha kula. Nilikuwa nalala kila siku nikinusa dawa yake ya kifua na nikisikia sala zake; sikujua kama chumba kile kingekuwa chumba bila yeye. Na niliwajua watu waliorudi, picha zao zilivyokuja kukaa ukutani kwa shangazi, na mshumaa chini yake.

Kwa hiyo safari hii hatukuchagua kwa picha. Nilimwendea mzee Mflemi, mimi mwenyewe. Kifaransa chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, kama cha koko, na kati yao mimi ndiye niliyekuwa daraja. Alitutembeza kwenye miti yake. Huu unastahimili baridi kali, alisema, lakini huchanua mapema mno. Ule una matunda makubwa, lakini gome lake hupata vidonda. Kisha akasimama mbele ya mti mfupi, wenye mafundo, uliokuwa kwenye chungu, ambao ulikuwa bado haujafungua hata chipukizi wakati mingine yote ilishaanza kuvaa kijani. Court-pendu, alisema, jina la tunda lenye kikonyo kifupi. Akaeleza kwamba baridi ya Januari si adui mkubwa. Adui ni siku zile za Mei, barafu inaporudi usiku mmoja baada ya watu kuisahau, na kuyakuta maua yamefunguka. Mti huu hauna haraka. Ni *tardif*, alisema.

Neno hilo sikuwa nalo kwa Kiswahili. Nikatafuta, nikatoa nililolipata.

"Koko, anasema uchukue ile muvivu."

"Muvivu?" Alinigeukia kana kwamba nimemtukana. "Umwambie hivi: wakati nilikuwa binti nilikatalaka bwana muvivu, na baba yake alikuwa na ngombe. Leo nichukue muti muvivu, juu ya nini?"

Nilitafsiri mpaka kwenye ng'ombe. Mzee alicheka hadi akakohoa, akashika uzio. "Mwambie madame," alisema, akifuta macho, "hii mingine inaanza kazi kabla kengele haijalia. Halafu inakufa kazini."

Koko aliuchukua kwa kununa. Tuliupanda mwanzo wa kiangazi, umetoka kwenye chungu chake, na majira yote yale aliuita "ile muvivu" wala hakuusalimu kama alivyousalimu wa kwanza. Vuli ilipokuja ndipo nilipomwona akiteseka. Mzee alikuwa amemkataza kugusa hata jani moja. Alisimama mbele ya mti, mikono ndani ya mifuko ya koti, na mifuko ilikuwa inacheza. Majani yakawa manjano, yakaanza kudondoka yenyewe, upepo ukayamaliza. Aliokota moja, akaligeuza. "Kumbe huku kuko mwingine anafanya hii kazi," alisema. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu aliyefika kazini akakuta amepewa likizo.

Aprili bustani nzima ikawa nyeupe. Wetu ulikuwa vijiti. Koko alikwangua gome kwa ukucha, akaona kijani bado kipo chini yake. Jumamosi iliyofuata akakwangua tena. Nyumbani nilikuta sanduku lake limefunguliwa kitandani, vitenge vimekunjwa, kile cha sikukuu juu ya vingine. Nilikwenda bafuni nikamwomba Mungu kwa lugha zote nilizokuwa nazo.

Halafu ukaja usiku mmoja wa Mei. Asubuhi yake tulipofika watu wa bustani walikuwa wamesimama, kila mtu kwenye kipande chake. Maua yalikuwa yamegeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Mti wetu ulikuwa umefumba kila kitu, chipukizi zimekazwa kama ngumi za mtoto mchanga. Haikupita muda ukachanua peke yake, kwa rangi ya waridi, katikati ya bustani iliyoungua. Koko alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa na kucheka taratibu.

"Uvivu yake njo akili yake," alisema. Jioni ile sanduku lilirudi juu ya kabati.

Matofaa yake yalikuwa machungu kidogo Oktoba. Yalitaka kungojwa. Tuliyafunga kwenye magazeti, tukayaweka chini ya vitanda vyetu, na baada ya Noeli chumba chote kikawa na harufu ambayo sijaipata tena kokote, kati ya divai na waridi na karatasi ya zamani. Leo pale pana maghorofa. Mzee Mflemi alitangulia, koko akafuata, amezikwa hapa hapa Anderlecht.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Jumapili moja, miaka mingi baada ya lile sanduku kurudi kabatini, mtoto wa dada yake koko alipotupigia simu ya video kutoka Lubero. Alikuwa amefika kwenye lile shamba la pome. Alizungusha simu, na ukungu ukajaa kwenye kioo, kisha miti ikatokea, mirefu kupita nilivyodhani, minene, ya kijani kibichi tangu chini hadi juu.

"Koko, angalia, ni mizuri!" nilisema.

Aliisogeza simu karibu na uso. Akayakagua matawi, moja baada ya jingine.

"Haina hata ua moja," alisema. "Hakuna muntu wa kuilaza."

Nilikuwa nimeomba abaki, naye akabaki. Yule mtoto wa dada yake naye amehama, na sina wa kumwuliza kama shamba bado lipo. Kama lipo, ile miti iko macho.