Nailoni ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakuna nesi aliyewahi kupata shuka mpya kwake bila kutoka jasho. Walimpa jina la Nailoni. Walisema ukimwomba blanketi anauliza mgonjwa ana hali gani. Ukisema hali mbaya, anakwambia basi mpe la zamani. Ukisema anaendelea vizuri, anakwambia basi halihitaji. Mimi ni fundi viatu, naishi chumba cha uani katika nyumba yao, na jina hilo nililipokea kwa mikono miwili.

Kwa jambo moja tu sikuweza kumtania. Kazi aliijua. Mzigo ukifika, hata uwe maboksi mia mbili, hakutia saini mpaka kila boksi lifunguliwe na yeye aone kilichomo. Madereva walinung'unika, walipigwa jua, wengine walimtukana waziwazi. Hakujali. "Ukishatia saini, ubovu ni wako," alikuwa akiwaambia, na sisi nyumbani tuliyasikia maneno hayo mpaka tukayakariri.

Nyumbani sasa, huko ndiko kulikuwa na kazi. Makochi ya sebuleni yalikaa na nailoni ya dukani miaka kumi na saba. Wakati wa joto ukikaa unanata, na ukinyanyuka kochi linatoa sauti ya aibu, wageni wanaangaliana. Rimoti ya televisheni ilikuwa ndani ya mfuko uliofungwa kwa mpira, ukitaka kupunguza sauti unabonyeza kwa kubahatisha. Saa ya ukutani ilikuwa bado na kibandiko cha dukani, tena kimebandikwa palepale kwenye saa mbili, kwa hiyo saa mbili kwetu ilikuwa ni ya kukisia.

Dada yangu alicheka yote hayo. Ni mtu wa kucheka. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi iliyo chini ya barabara yetu, miaka ishirini na miwili akikoroga masufuria makubwa kuliko yeye, na kila jioni alirudi na harufu ya moshi nguoni na kisa kipya cha jikoni. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake. Nilimwambia, "Dada, huyu bwana hata wewe angekutia kwenye nailoni." Akanijibu, "Kwani hujaona? Ndiyo maana sizeeki."

Shemeji alipostaafu alinunua pikipiki. Kitu hicho alikitamani tangu ujana, na kila mtu mtaani alijua. Nilimsindikiza dukani. Pikipiki ilikuwa nyekundu, mpya kabisa, siti imefunikwa, taa zimefunikwa, na tangi limeviringishwa ile nailoni nene ya malengelenge ambayo watoto hupenda kuipasua, tabaka mbili, huoni ndani. Muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye kalamu sikioni, alikuja na wembe.

"Mzee, niitoe hii ukague, halafu utie saini."

Shemeji alimdaka mkono. "Usiiguse. Nitaitoa mwenyewe, kwa wakati wangu."

"Lakini karatasi inasema umekagua."

"Si naiona hii hapa? Lete karatasi."

Akatia saini. Mtu aliyewakausha madereva juani miaka thelathini na moja akatia saini juu ya tangi ambalo hakuliona. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nacheka, nikiwaza jinsi nitakavyomsimulia dada. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Pikipiki ilipofika nyumbani dada aliizunguka mara tatu, mikono nyuma, kwa sababu alikwisha kuambiwa asiiguse. Kisha akamwambia mumewe, "Mimi nataka kitu kimoja tu. Unipakie, unipitishe mbele ya shule saa nne asubuhi, watoto wakiwa mapumziko. Wenzangu wa jikoni wanione."

"Nitakupitisha."

"Mara moja tu. Lakini polepole, wasije wakasema hawakuona."

"Nimesema nitakupitisha, mama watoto."

Akamnunulia na helmeti, nyekundu kama tangi. Ikaning'inizwa nyuma ya mlango wa chumbani, ndani ya mfuko wake.

Mwezi wa kwanza kulikuwa na mvua, tukasema sawa, matope. Mvua ikaisha, likaja vumbi. Kila asubuhi shemeji aliitoa pikipiki uani, akapiga kiki, akaiacha ingurume kidogo huku akiifuta nailoni, naam, aliifuta nailoni, kisha akaizima na kuirudisha ndani. Nilimuuliza siku moja inakuwaje. Akasema nailoni ya siti ni nyepesi, gauni la dada yangu lina vifungo nyuma, vitaichana. Nikamwambia mimi nakula kwa sababu viatu vinachakaa, na vinachakaa kwa sababu watu wana pa kwenda. Alinitazama kama vile mimi ni nesi aliyekuja kuomba shuka.

Mwezi wa tatu dada aliomba ruhusa kazini, siku moja. Kwa hesabu yangu ilikuwa ruhusa yake ya kwanza ambayo haikuwa ya ugonjwa wala msiba. Aliamka akaoga, akavaa gauni la bluu lisilo na vifungo, alilolishona kwa ajili hiyo, akafunga kitambaa kichwani chini ya helmeti, akakaa kwenye ukingo wa baraza na mkoba wake mapajani. Saa tatu na nusu shemeji alitoka, akainua macho.

"Leo kuna wingu," akasema.

Nilitazama juu. Lilikuwepo, ndiyo. Moja, dogo.

"Hilo haliwezi kunyesha," dada akasema.

"Huwezi kujua. Tutaenda siku nyingine, iliyo safi."

Nilitegemea angecheka. Hakucheka. Alivua helmeti, akairudisha kwenye mfuko wake na kuufunga vizuri, kisha akashuka kwenda kazini kwa miguu na lile gauni la bluu. Baadaye wenzake waliniambia kwamba walimuuliza pikipiki iko wapi, akawajibu, "Inakuja." Jioni ile nilimfokea shemeji mpaka majirani wakatoka. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mume wa dada yake. Alinisikiliza, akaahidi Jumatano ya kwanza ya mwezi unaofuata, mvua iwepo isiwepo. Naamini alikuwa anasema kweli.

Alhamisi, kabla ya Jumatano hiyo, dada alianguka jikoni na mwiko mkononi. Kiharusi. Walimpakia kwenye gari lililoleta mikate, na shemeji alipopata habari alikimbia mpaka hospitali kwa miguu, kilomita nne, mzee wa miaka sitini, pikipiki ikiwa imelala nyumbani na tangi limejaa mafuta. Alipofika nilimwona mlangoni, shati limelowa, anahema, na hasira yote niliyokuwa nimemwekea haikupata pa kukaa.

Dada alilazwa wiki tano. Wale manesi wa zamani walimtandikia shuka mpya, kila siku mpya, na hakuna aliyemtania mume wake. Akarudi nyumbani mkono na mguu wa kushoto vikiwa vimekufa, mdomo umevutwa upande, maneno yanatoka moja moja. Daktari wa viungo alisema huenda akatembea kwa mkongojo, kwa msaada wa Mungu na mazoezi. Shemeji akauliza kama ataweza kupanda pikipiki, nyuma, akishikwa. Yule daktari akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Hilo uliache."

Basi akawa anakaa barazani kwenye kiti, na shemeji anampikia, anamwosha, anamnyoosha vidole kimoja kimoja kama alivyoelekezwa. Pikipiki hakuigusa tena. Nilidhani ataiuza.

Asubuhi moja nikiwa nashona soli nilimwona akiitoa uani, akaisimamisha mbele ya kiti cha dada, akaiegemeza kwenye stendi. Mkononi alikuwa na wembe. "Nakufungulia," akamwambia dada. "Uione angalau." Akaanza na taa. Akaja siti. Alikuwa akikata taratibu, anakunja kila kipande na kukiweka chini. Dada alikuwa anatazama, jicho moja linatoa machozi lenyewe kama linavyofanya tangu augue. Halafu akafika kwenye tangi, akaondoa tabaka la kwanza, akaondoa la pili, akasimama na wembe mkononi.

Niliacha kiatu nikaenda. Kutoka kwenye mfuniko wa mafuta mpaka karibu na siti ulipita mkwaruzo, mrefu kama mkono wa mtoto, umechimba rangi mpaka bati linaonekana. Mwisho wake palikuwa pamebonyea, dole gumba linaingia. Nilikiokota kipande cha nailoni, nikakigeuza mwangani. Kilikuwa kizima. Hakikuwa na tundu wala mchubuko.

"Haijaumia hapa," nikasema. "Ilikuja hivi."

Shemeji aliweka wembe chini. Aliingia ndani, akatoka na karatasi za duka ndani ya mfuko wake, akashika njia. Nilimfuata, maana uso wake sikuupenda.

Yule muuzaji mnene alitusikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alitafuta faili lake, akaligeuza juu ya meza likatutazama sisi, akaweka kidole chini ya mstari: nimekagua na kupokea chombo kikiwa katika hali nzuri. Chini yake, saini ya shemeji, ile ile ya stoo, herufi zimenyooka.

"Mzee, nilikuja na wembe mimi. Ulinishika mkono."

"Nilikushika," shemeji akasema.

"Naweza kumwita fundi apake rangi. Haitalingana sana, lakini kwa mbali mtu haoni."

"Hapana. Ubovu ni wangu." Akazikunja karatasi, akamshukuru, tukatoka.

Tulirudi kwa miguu. Tulipokaribia nyumbani alisimama, akashika ukuta wa watu. "Ningeifungua siku ile pale dukani," akasema, "ningelia kidogo, halafu ningempakia."

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno la kumtupia mtu huyu, nilimshika mkono tukaendelea.

Dada alikuwa bado barazani, pikipiki mbele yake. Alinyoosha mkono wake mzima. Shemeji akaisogeza pikipiki mpaka ikamfikia, na dada akaweka vidole kwenye tangi, mara yake ya kwanza kuligusa. Aliufuata ule mkwaruzo taratibu, akafika kwenye kibonyeo, akatia dole gumba.

"Lini?" akauliza.

"Zamani. Kabla hatujainunua."

"Siku... ya kwanza?"

"Siku ya kwanza ilikuwa nao. Nilikuwa natunza kitu kilichokwisha kuharibika."

Dada alifikiri muda mrefu. Siku hizi hufikiri muda mrefu, sentensi zinamchelewa, na tumejifunza kungoja. Nilidhani atatafuta namna ya kucheka, kwa sababu upande mzuri wa mdomo wake ulitikisika. Kisha akamtazama mumewe, bila ubaya wowote, kama mtu anayeulizia njia.

"Basi," akasema, "tungeenda."

Shemeji alipiga magoti pale pale juu ya vipande vya nailoni, akalaza kichwa mapajani mwake, akalia kwa sauti. Dada akamwekea mkono mzima kichwani. Ilikuwa saa nne kasoro, na huko chini watoto walikuwa bado darasani.