Nilipoomba Nusu ya Mtambo

Mnazi wenyewe ulikuwa katika kijiji cha Mkongani, mmoja tu uliobaki na afya katika shamba ambalo minazi mingine yote ilikufa kwa ugonjwa. Mwanafunzi wangu wa uzamili, binti kutoka kijiji cha Jego, alichuma majani yake ili tusome vinasaba na tujue kilichoukinga. Vinasaba husomwa vipande vipande, na kompyuta inayoviunga hulazimika kuvishika vyote kwa pamoja katika kumbukumbu yake. Kompyuta za ofisi yetu ya utafiti ya Matuga haziwezi. Chuo kikuu kina mtambo wa kompyuta nyingi zilizounganishwa, uliowekwa kwa kazi kubwa za namna hiyo. Mtu huutumia akiwa mbali: hutaja mapema kiasi cha kumbukumbu anachohitaji, kisha hungoja zamu.

Tulituma ombi letu huku ufadhili wa binti ukikaribia kwisha. Asingewasilisha matokeo kabla ya mwisho wa mwezi, masomo yake yangekoma.

"Mwalimu, tuombe kumbukumbu yote," alisema tulipoifungua fomu.

"Yote ni ya watu wote. Tutaomba nusu."

"Nusu haitoshi. Nimepiga hesabu mara tatu."

"Aliyelelewa vyema hula upande wake wa sinia."

Akacheka. "Haya, Mwalimu. Lakini mtambo si mwenye harusi. Hautakwambia, 'Ongeza, mbona hujala?'"

Nikaandika nusu. Leo nakiri kwamba nilitarajia jambo lile lile alilolifanyia mzaha: kwamba mtu huko chuoni angeiona adabu yangu, atuongezee. Nimewahimiza vijana kuwa na kiasi kwa miaka mingi. Sikuwahi kuwaambia kwamba kiasi nacho kinaweza kuwa kiburi.

Zamu yetu ilifika, kazi ikaanza, na siku ya sita ikakatwa. Ujumbe ulisema kumbukumbu iliyoombwa imezidiwa. Hakikusalia kitu cha kuendelea nacho. Ilibidi kuanza upya, na foleni sasa ilikuwa imepita mwisho wa mwezi. Nikampigia simu msimamizi wa mtambo.

"Mbona hukuomba yote?" akaniuliza. "Nusu ya pili ilikaa bure siku zote hizo. Hakuna aliyeitaka."

Nikamshukuru. Sikuhisi kitu. Nilikunywa chai iliyokwisha kupoa, nikafunga dirisha kwa sababu ya vumbi.

Binti alikuja Jumatatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, nikaongeza kwamba kosa lilikuwa langu. Alisikiliza akiwa ameushika mkoba kwa mikono miwili.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Lilikuwa lako."

Hakuwahi kunijibu hivyo, bila kulainisha neno. Kisha akaomba barua ya kumtambulisha: hoteli moja ya Diani ilikuwa ikitafuta mtu wa mapokezi. Niliiandika pale pale, yeye akiwa amesimama. Niliisahihisha mara mbili, nikahakikisha kila koma iko mahali pake, nikampa.